Kinyama Kisichouma

BARUA KWA MAMA TABIBU

Mhariri kanipa barua kumi na moja mwezi huu, na tano kati yake zinazunguka mahali pamoja, mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyethubutu kupataja bila kuomba radhi kwanza. "Samahani kwa lugha", "niwie radhi Mama", "huko nyuma". Nimekuwa tabibu miaka thelathini na mbili, zahanati na kituo cha afya, mkoani Tanga. Huko nyuma nimekuona sana. Mmoja ameuliza tu kama kukaa kwenye jiwe la moto kunaleta bawasiri (hakuleti), basi nazijibu nne zilizobaki. Majina hamkuyaandika, nami sikuyatafuta.

*Shikamoo Mama Tabibu. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naendesha lori la mizigo Tanga hadi Dar. Wiki sita zilizopita nikiwa naoga niligusa kinyama pembeni ya njia ya haja kubwa, kama punje ya kunde. Hakiumi, hakiwashi, sijaona damu. Utingo wangu anasema ni bawasiri, akanipeleka kwa mtu stendi aliyeniuzia unga wa kupaka kwa shilingi elfu thelathini. Sijaupaka bado. Kwenye simu nimesoma kwamba ni kansa. Mke wangu hajui. Kwa kuwa hakiumi, naweza kukiacha? — Dereva*

Marahaba mwanangu. Unga huo usiupake. Naanza na hilo kwa sababu barua yako imechukua siku nyingi njiani na naogopa utakuwa umeshachoka kusubiri. Dawa zile za "kung'oa kinyama" nyingi huunguza, na haziwezi kutofautisha kinyama na ngozi nzima iliyo jirani yake. Niliwahi kumpokea binti aliyepakwa kitu cha namna hiyo siku nne mfululizo. Kinyama kilitoka kweli. Kidonda kilipopona, kovu lilijikunja likaufinya mlango wenyewe, akawa anapata choo chembamba kama penseli na kulia kila asubuhi. Elfu thelathini imekwenda, ihesabu kama umepigwa faini barabarani.

Sasa hilo la kutouma. Wengi mnalitegemea kama cheti: hakiumi, basi hakina neno. Ngoja nikueleze kwa nini si cheti.

Njia ile kwa mtu mzima ni fupi, kama sentimita tatu au nne hivi. Karibu nusu ya safari kwenda ndani kuna mstari umekaa kama meno ya msumeno. Chini ya mstari, upande wa nje, ni ngozi, na ngozi ile ina mishipa ya fahamu mingi kuliko unavyodhani. Ukipata kamchubuko ka milimita mbili utakijua kikao chako chote. Juu ya mstari si ngozi tena, ni utando wa utumbo, na utando huo haujui kuchomwa wala kukatwa. Ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu nyekundu ikapaka beseni zima la choo na mwenyewe hasikii kitu. Ndiyo maana wapasuaji huweza kuifunga kwa kampira, ikanyauka na kudondoka ndani ya wiki moja hivi, bila kumlaza mtu kwa nusu kaputi. Na ndiyo maana saratani ya sehemu ile ikianzia juu ya mstari huweza kukua muda mrefu bila kugonga hodi. Kuuma au kutouma kunaonyesha zaidi uvimbe umekaa wapi, na ubaya wake hauonyeshi sana.

Wewe chako kiko nje, pembeni, umekigusa kwa kidole ukioga. Kwa hiyo nakuuliza swali moja ambalo hukuliandika: mwezi mmoja au miwili kabla ya hapo, hukupata siku tatu nne za maumivu makali ukikaa? Labda baada ya choo kigumu, au siku uliyosaidia kushusha mzigo? Mshipa mdogo wa damu pembeni ya mlango huweza kuganda ukavimba ghafla, ukauma sana siku mbili tatu za mwanzo, halafu maumivu yakaondoka yenyewe. Uvimbe hunywea kwa wiki kadhaa, na ngozi iliyokuwa imevutwa hubaki ikining'inia. Kinachobaki ni laini kama ndewe la sikio, rangi ya ngozi yako mwenyewe, hakiumi na hakigeuki kuwa saratani. Wengi hawakumbuki kabisa zile siku za maumivu, hasa madereva, maana kwenu kuumwa makalio ni sehemu ya kazi.

Nakijua hicho kwa sababu nilikuwa nacho. Mwaka 1994, baada ya mtoto wangu wa pili, niligusa kitu kama cha kwako hasa, punje ya kunde. Nilikuwa wodi ya wazazi, nawahimiza wanawake kila siku wasione haya, na mimi mwenyewe nilikificha miezi saba. Nilikuwa nakaa upande mmoja kwenye kigoda cha zamu, bega limeinama. Muuguzi mwenzangu, mtu mzima, akaniuliza mbele ya ndoo ya kufulia mashuka: "Wewe, una nini huko?" Nikakana. Akafunga mlango, akavaa glavu, akaniambia nilale ubavu wa kushoto. Haikuchukua hata dakika mbili. Kilikuwa kikunjo cha ngozi kilichoachwa na mshipa ulioganda siku ya kusukuma mtoto. Alicheka mpaka akakaa chini. Miezi saba nimebeba siri ya ukubwa wa kunde.

Nimekusimulia ucheke kidogo, lakini usije ukajipimia kwa hadithi yangu. Kilichonipa jibu mimi ni glavu ya yule mama, na wewe unahitaji glavu yako. Kwa sababu kinyama kidogo cha nje kisichouma huweza pia kuwa sunzua, ambazo nitazieleza kwenye barua inayofuata. Huweza kuwa mdomo wa kijinjia kilichobaki baada ya jipu la zamani, na hicho utakijua ukiona nguo ya ndani inalowa usaha au majimaji kila baada ya siku chache. Huweza kuwa bawasiri yenyewe. Na mara chache sana, sisemi uongo, huweza kuwa mwanzo wa saratani ya mlango wa haja kubwa: huwa kigumu kuliko nyama iliyo jirani, kinazidi kukua, pengine kina kidonda juu kisichofunga, pengine na mtoki wa kinena. Saratani hiyo ni nadra kwa watu wote kwa jumla, ila wanaoishi na VVU huipata zaidi kuliko wengine, kwa hiyo mwenye hali hiyo asisubiri hata wiki.

Wewe huna damu, na hukuandika kwamba umekonda wala kwamba choo chako kimebadilika. Nakupa wiki mbili, siyo kwa hofu, bali kwa kuwa nawajua madereva: nikisema "ukipata nafasi" utakuja mwakani. Ukianza kuona damu, au kikikua, au kikiwa kigumu, hizo wiki mbili zimekufa, nenda wiki hiyo hiyo. Kikianza kuuma kwa kudunda, kikawa cha moto na mwili ukapata homa, hilo ni jipu. Paki lori mahali salama uende siku hiyo hiyo, hata kama mzigo ni nyanya.

Unachoogopa zaidi nadhani ni kipimo chenyewe, kwa hiyo nakueleza hatua kwa hatua. Unalala ubavu wa kushoto, magoti yamevutwa kifuani, shuka juu yako. Mpimaji anaangalia kwanza bila kugusa. Halafu glavu, jeli, kidole kimoja, taratibu, akikuambia uvute pumzi. Utahisi kama unataka kwenda chooni. Huendi, ni hisia tu, kila mtu huipata. Akitaka kuona juu zaidi ana kibomba kifupi cha kuchungulia. Una haki ya kumtaka mpimaji wa kiume, na ya kutaka mtu wa tatu awepo chumbani. Ukisikia maumivu makali sema, asimame.

Huku ukisubiri, ujue barabara ndiyo inakulisha vibaya. Unabana haja kutoka Segera mpaka Chalinze kwa sababu hutaki kupoteza foleni, hunywi maji ili usisimame kukojoa, na ukisimama unakula chipsi mayai na soda. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji. Choo ukikichelewesha humo hugeuka kokoto. Mwambie shemeji akufungie ugali wa dona badala ya sembe, na kunde au maharage, papai la kipande kikubwa asubuhi, na chupa ya lita moja na nusu iishe kabla ya Chalinze. Haja ikija, simama. Na ukiwa chooni acha simu ndani ya lori. Watu wanakaa kule nusu saa wanatazama mpira, mishipa imening'inia, halafu wananiuliza bawasiri imetoka wapi.

Mke wako mwambie. Ikiwa ni kikunjo cha ngozi mtacheka wote, na ikiwa ni kitu kinachoambukiza naye atahitaji kupimwa, bora ajue toka kwako kuliko toka kwa utingo.

*Mama, shikamoo. Nina miaka 26, nina mimba ya miezi minne. Nimeota vinyama vidogo vidogo vingi kuzunguka njia ya haja kubwa na viwili vitatu mbele. Haviumi, vinawasha kidogo tu. Vimeongezeka haraka sana tangu nipate mimba. Sijawahi kufanya mapenzi kinyume na maumbile, naapa. Mama mkwe amesema nimetupiwa kitu. Mume wangu amenyamaza na anaanza kunitazama vibaya. — Mwenye Mawazo, Muheza*

Marahaba mwanangu. Usiniapie, sikukuuliza.

Ulivyovieleza, vingi, vidogo, haviumi, vimepanda juu ya ngozi mpaka mbele, nadhani ni sunzua za sehemu za siri, ambazo wengine huziita masundosundo. Zikikutana kadhaa hufanana na upanga wa jogoo. Zinatokana na virusi vya HPV, hasa namba 6 na 11, na hivyo vinasafiri kwa ngozi kugusana na ngozi. Havihitaji njia ile itumike ili viote pale. Wapo wanawake wengi wenye sunzua huko ambao wanasema unachosema wewe, na wanasema kweli. (Na kama yupo anayesoma hapa ambaye ametumia njia hiyo, mwambie mpimaji hivyo hivyo, kwa sababu hubadilisha anachotafuta na kule anakochungulia. Mtu akikukemea kwa hilo, tafuta chumba kingine.)

Mimba haikuzileta. Mimba hupunguza makali ya kinga na kuongeza damu maeneo yale, basi sunzua zilizokuwa zimelala huamka na kukua mbio. Baada ya kujifungua mara nyingi hunywea, pengine zikatoweka zenyewe.

Kuhusu mumeo. Virusi hivi huweza kukaa mwilini wiki, miezi, hata miaka kabla ya kinyama cha kwanza kuonekana. Kwa hiyo hakuna daktari wala mganga anayeweza kutazama sunzua yako leo akasema umeipata lini na kwa nani. Inawezekana yeye ndiye aliyekuja nayo kutoka ujanani, asijue, kwa kuwa wengi wenye virusi hawaoti kitu kamwe. Msomee aya hii. Mama mkwe msalimie, umwambie hujatupiwa kitu.

Lakini kuna jambo ambalo linanifanya nisitake usubiri hata kliniki yako ya mwezi ujao: kaswende. Katika hatua yake ya pili kaswende huleta vinyama pale pale, na navyo haviumi. Tofauti ni kwamba huwa bapa, vipana, vinyevunyevu, rangi ya kijivujivu, lakini nimeona watu wenye uzoefu wakichanganya, nami nikiwemo. Kwa mjamzito kaswende isiyotibiwa huweza kumuua mtoto tumboni au akazaliwa nayo. Tiba yake ni sindano ya penisilini, dawa ya zamani na bado ndiyo bora. Kipimo ni tone la damu ya kidole, kliniki za wajawazito wanacho, na kwa kawaida hukupima VVU papo hapo. Kama ulishapimwa mwanzo wa mimba, waombe wakuangalizie majibu kwenye kadi, na kama vinyama vilikuja baadaye omba kipimo kirudiwe. Mumeo aje naye.

Ukishajulikana ni sunzua tu, mwambie anayekutibu kwamba una mimba kabla hajashika chupa. Dawa ya kupaka itokanayo na podofilini haifai kwa mjamzito. Kugandishwa kwa baridi kali kunafaa, na ile tindikali inayopakwa na mhudumu mwenyewe kwa kijiti inafaa pia. Dawa ya sunzua za vidole inayouzwa duka la dawa usiipeleke huko kabisa. Zikirudi baada ya miezi miwili mitatu usione umerogwa upya. Kurudi ni tabia yake, zinatibiwa tena.

Aina 6 na 11 hazileti saratani kwa kawaida, ila aliyepata namba hizi huenda amepata na zile mbaya, 16 na 18. Kwa hiyo ukishajifungua na kupona uliza kuhusu uchunguzi wa mlango wa kizazi. Na kama una mdogo wako wa kike wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ipo nchini tangu 2018, na toka 2024 wanachoma dozi moja tu. Mpeleke wewe mwenyewe.

*Mwenzangu, salaam. Ninaishi na mjukuu wa miaka mitatu. Aliharisha wiki mbili, na sasa kila akienda haja kubwa hutokeza kitu chekundu kama pete, kina unyevu, hakimuumi, anacheza nacho vizuri tu. Akisimama kinarudi. Jirani anasema ni bawasiri ya watoto, nikanunue dawa. — Bibi wa Lushoto*

Salaam mwenzangu. Bawasiri kwa mtoto wa miaka mitatu ni kitu adimu. Hicho kilichoumbika kama pete ni utando wa utumbo wa mwisho unaochungulia nje, kwa sababu mtoto amekamua sana na misuli yake ya chini bado laini. Kuharisha huleta, choo kigumu huleta, kikohozi kirefu huleta, utapiamlo huleta, na ipo aina ya minyoo myembamba kama mjeledi ambayo ikijaa tumboni huleta vile vile. Kwa hiyo mpeleke zahanati apimwe choo, apimwe uzito, apewe dawa ya minyoo ikibidi. Ukitibu kilichomfanya akamue, wengi hupona kabla ya kuanza shule bila kisu.

Siku kisiporudi chenyewe, mlaze mapajani kwako kifudifudi, chukua kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, ukandamize taratibu bila haraka, kiganja kizima, hata dakika tano. Usitumie kucha wala vidole vilivyochongoka. Kikigoma, au kikiwa cheusi au zambarau, funika na kitambaa kibichi umkimbize hospitali. Huko ukiona daktari anainyunyizia sukari usishtuke kwamba anatengeneza kashata: sukari huvuta maji, uvimbe hupungua, kinarudi. Ila nyumbani usijaribu.

Poti lake lisiwe refu, miguu ikanyage chini, na akimaliza asiendelee kukaa pale akichezea gari.

Kuna vitu viwili vinavyofanana na hicho, nawe uvijue. Kikitoka kitu cha mviringo upande mmoja, chekundu kama tunda la kahawa lililoiva, na damu bila maumivu, hicho ni kinundu chenye kikonyo ndani ya utumbo. Huondolewa kirahisi, lakini hospitali. Na mtoto akiwa analia kwa vipindi huku anajikunja, anatapika, anatoa damu na makamasi, hata kama kitu chenyewe kinafanana na kile cha kila siku, utumbo unaweza kuwa umejimeza. Hapo usingoje asubuhi, hata kama gari la kushuka mlima mpaka ulikodi.

*Bi Tabibu, mimi ni mzee wa miaka 71, Pangani. Nina bawasiri miaka sita, hutoka nikijisaidia na kurudi yenyewe, haijawahi kuuma. Nimeizoea. Miezi hii mitatu damu imeongezeka na nakwenda chooni mara tatu nne asubuhi, sijisikii kumaliza. Wanangu wananihimiza, nawaambia ni ile ile ya siku zote. Naweza kukutumia picha uone kwamba ni ile ile?*

Shikamoo mzee wangu. Picha usinitumie. Ikionyesha bawasiri nitakuamini, na hapo ndipo kosa litakapoingia, maana kinachonisumbua kwenye barua yako hakipigiki picha.

Bawasiri hutoa damu, sawa. Bawasiri haimwamshi mtu mara nne kwenda chooni kisha akarudi hajamaliza. Hiyo ni habari mpya, ina miezi mitatu, na wewe umeipa jina la habari ya zamani.

Mimi nimeshafanya kosa hilo. Alikuja mnyapara wa shamba la mkonge, rika la hamsini na kitu, akasema "bawasiri imenirudia, nipe ile dawa". Foleni ilikuwa mpaka kwenye mwembe. Nikampa malhamu, sikumvua suruali. Akarudi baada ya miezi mitano, mkanda ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Siku hiyo nikavaa glavu. Bawasiri laini ni kama ndani ya shavu lako, kidole hakiioni hata. Mimi niligusa kitu kigumu, kingo zake zimeinuka, kama kokwa la embe lililokwama. Bawasiri alikuwa nayo kweli, pale nje, na saratani alikuwa nayo sentimita tano juu yake. Alipofika kwa wapasuaji ilikuwa imeshakwenda kwenye ini. Sijui ile miezi mitano ingempa nini. Tangu siku ile sikuandika malhamu ya bawasiri tena bila kuangalia, hata foleni ifike barabarani.

Sikuambii kwamba una alichokuwa nacho. Amiba huweza kuleta hali kama yako, na yapo mengine yanayotibika kwa vidonge. Nakuambia kwamba mtu wa miaka 71 mwenye damu na choo kilichobadilika zaidi ya wiki tatu anapimwa kwa kidole, anapimwa wingi wa damu, na anapelekwa kwenye kipimo cha kamera, hata kama bawasiri inaonekana dhahiri. Wakikupa dawa ya kupaka bila kukulaza kitandani, kaa hapo hapo kwenye kiti useme, "Mwanangu, bado hujanipima."

Dirishani, mbele ya majirani na wakwe, najua hutasema kitu. Utasema una mafua. Kwa hiyo nenda Jumatatu hii na mwanao mmoja, na maneno haya uyanakili kwenye kikaratasi umkabidhi tabibu mkiwa wawili:

"Nina miaka 71. Kinyama kinatoka nikijisaidia, miaka sita, hakiumi. Damu imeongezeka miezi mitatu. Nakwenda choo mara nne asubuhi na simalizi. Naomba nipimwe kwa kidole leo."